Kitaliano cha Kiwengwa hakitoshi tena

Watu wa rika langu hapa Kiwengwa, wengi wetu tulijua Kitaliano kabla ya Kiingereza, na hakuna mwalimu aliyetufundisha. Hoteli za Wataliano zilipoanza kujengwa kwenye fukwe hizi mwanzoni mwa miaka ya 1990, sisi tulikuwa vijana wa kuvua na kukata makuti. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma, kuosha masufuria. Lugha ikaanzia hapo hapo kwenye sinki. Shefu alikuwa Mtaliano mwenye pupa. Akitaka mwiko anaunguruma, ukimpa upawa anaunguruma zaidi. Msimu ulipokwisha nilikuwa najua jina la kila kilichomo jikoni, na matusi yote yanayoendana nacho.

Tangu hapo nimepita mgahawani, baa na mapokezi, na sasa nasimamia watu wa mapokezi na wahudumu kwenye hoteli nyingine ya ukanda huu huu wa mashariki wa Unguja. Vijana wanaokuja kuomba kazi huniuliza wajifunze lugha gani. Zamani nilikuwa na jibu tayari. Siku hizi nawarudishia swali: unataka kusimama wapi hotelini, na mgeni akifika mbele yako atakuwa anataka nini?

Lazima nieleze kwanza hoteli zile za mwanzo zilivyokuwa zikienda. Kulikuwa na siku ya ndege. Ndege ya kukodi inatoka Milan usiku, inashusha wageni asubuhi, mabasi yanawaleta huku, na mabasi hayo hayo yanawarudisha waliomaliza wiki yao. Wote wanatoka nchi moja, wanasema lugha moja, wanataka tambi zao zisiive sana, na wamelipia kila kitu huko kwao kwa kampuni ya safari. Kampuni ile ilikuwa na mwakilishi wake hotelini, mara nyingi msichana wa Kitaliano mwenye faili kwapani. Mgeni akikuta maji ya moto hayatoki, haji mapokezi. Anamwendea mwakilishi. Mwakilishi anamsikiliza, anamtuliza kwa lugha yao, halafu ndipo anapokuja kwetu, amekwisha kuyachuja malalamiko yamebaki maneno matatu: chumba, namba, bomba.

Huyu mwakilishi ndiye anayesahauliwa kila watu wanapozungumzia lugha za wafanyakazi. Kueleza kwa nini jambo limekwenda kombo, kuomba radhi, kukataa, kubishana juu ya pesa, yote hayo aliyabeba yeye. Sisi tulibakiwa na sehemu tamu: kusalimia, kutania, kujua nani anakunywa kahawa ya aina gani baada ya chakula. Kitaliano chetu kikanenepa upande mmoja tu. Nilikuwa naweza kukaa na meza ya watu wanane wakacheka mpaka saa sita ya usiku, na wakati huo huo sikuwa na uwezo wa kuandika mistari mitano kumweleza mtu kwa nini hatorudishiwa pesa zake. Hapakuwa na aliyeniomba niiandike, kwa hiyo upungufu ule haukuonekana.

Waliotuzidi walikuwa Wakenya wa Malindi na Watamu. Kule Wataliano wapo tangu miaka ya 1960, walipoweka kituo chao cha kurushia roketi, San Marco, baharini karibu na Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka jukwaa lile. Nyuma ya mainjinia wakaja wenye mikahawa, wenye majumba, wastaafu wanaokimbia baridi. Kijana wa Malindi huenda amekulia kwenye familia ambayo mama anapika kwa Mtaliano na baba anatunza bustani ya Mtaliano mwingine. Kitaliano chake kilikuwa kimepita kwenye bili, mikataba na ugomvi na fundi bomba. Alipovuka kuja Unguja akapewa usupavaiza, na wenyeji tukanung'unika kuwa tunanyang'anywa kazi. Manung'uniko hayo yapo mpaka leo, na yana haki yake upande mmoja, nitaufikia. Lakini ukimsikiliza mtu wa Malindi akimfafanulia mgeni bili yenye utata, mstari kwa mstari, bila kupandisha sauti, huwezi kusema amependelewa.

Mwezi wa Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika kwa hitilafu ya ule waya unaopita chini ya bahari, na haukurudi mpaka Machi 2010. Hoteli ziliishi kwa jenereta. Tulikuwa tunazima viyoyozi mchana, tunawasha jioni, na dizeli inapungua huku meneja anashika kichwa. Cha ajabu, malalamiko hayakuwa mengi kama tulivyoogopa. Wawakilishi walikuwa wanawaeleza wageni ndani ya basi, tangu wanatoka uwanja wa ndege: hali iko hivi, saa za umeme ni hizi, maji ya kunywa yapo. Mgeni anafika anajua. Leo intaneti ikikata saa moja tu, mapokezi kunajaa watu, kila mmoja ana kikao chake cha kazi kwenye kompyuta, na hakuna basi wala mwakilishi aliyewaandaa. Anayewakabili ni msichana wa shifti, na Kiingereza chake cha kidato cha nne.

Corona ilitufunulia hayo yote kwa mpigo. Wataliano walifungiwa kwao Machi 2020, na hoteli nyingi za huku zikafunga milango. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki tano. Mwaka 2020 wakapungua wakawa karibu nusu yao. Mwisho wa mwaka ule ndege zikaanza kutua tena kwa wingi, lakini zinatoka Moscow na Kyiv, kwa sababu sisi tulikuwa wazi wakati nchi nyingi zimefunga mipaka. Warusi na Waukraine wakajaa. Wapolandi nao wakawa wanakuja, na mpaka leo wanakuja kwa wingi kuliko tulivyowahi kuwazia.

Mabingwa wetu wa Kitaliano wakawa wapya kazini kwa siku moja. Nilimwona mhudumu mmoja mwenye uzoefu kuliko wote pale, mtu aliyekuwa akiingia mgahawani meza zinaita jina lake, amesimama kando ya bafe hajui aanzie wapi. Wageni wengi wale hawakuwa na Kiingereza, na hata wangekuwa nacho, yeye hakuwa nacho. Simu ndiyo iliyookoa. Mgeni anaiambia simu yake maneno, simu inatoa Kiswahili kama mtangazaji wa redio aliyeamshwa usingizini, na sisi tunakisia kilichobaki. "Nipe samaki wa jana kwa njia ya moto," ilisema simu moja. Alikuwa anataka tumpashie kiporo chake.

Tulicheka sana, ila simu zile zilinionyesha jambo. Kwa mahitaji ya kila saa, taulo, chai, teksi, mgeni hakuhitaji tena mfanyakazi ajuaye lugha yake. Ile sehemu tamu ya lugha, ambayo sisi ndiyo tuliyokuwa nayo, simu iliichukua. Iliyobaki ni ile ambayo mwakilishi alikuwa anaibeba.

Tarehe 24 Februari 2022 vita vilipoanza Ukraine, anga ya nchi ile ikafungwa. Karibu watu elfu moja wa Ukraine walikuwa Zanzibar, likizo inakwisha na kwa kurudi hakuna. Kwetu walikuwapo, na Warusi walikuwapo, mgahawa mmoja. Mama mmoja aliyekuja na watoto wake wawili alikuwa siku zote anatusalimia kwa Kirusi, na sisi tunamjibu kwa Kirusi chetu cha kuokoteza, anafurahi. Baada ya ile tarehe 24 alikuja mapokezi na simu, akaandika kwa Kiingereza: tafadhali waambie wenzako wasinisalimie kwa Kirusi tena. Hakuwa na ukali. Alikuwa anaomba. Asubuhi ya pili yake kwenye brifingi nikawaambia vijana, meza zile tatu za upande wa bahari, salamu ni Kiingereza au Kiswahili. Mmoja akauliza, "Kwani wamegombana na sisi?" Nikamweleza nilivyoweza. Tukahamisha meza mbili, tukapanga watoto wale chakula mapema. Wengi wao baadaye waliondoka kwa ndege za kupitia Poland. Hakuna mwalimu wa Kirusi angeweza kutuandaa kwa asubuhi ile. Kilichotusaidia ni kuwa kuna mtu mapokezi aliyeusoma ujumbe ule mpaka mwisho na kuufikisha kwa watu sahihi kabla ya chai.

Sasa tumepita wageni laki saba kwa mwaka, hiyo ni hesabu ya 2024. Wengi bado wanaletwa na kampuni za safari, na Wapolandi kwa mfano wana waongozaji wao. Lakini kila msimu wanaongezeka wanaojipangia wenyewe, kwa simu, kutoka kitandani kwao. Hawa ndio waliobadilisha kazi. Anakuandikia WhatsApp wiki mbili kabla hajafika. Anauliza intaneti ina kasi gani, godoro ni gumu au laini, mboga zinaoshwa kwa maji gani, kutoka uwanja wa ndege teksi ni kiasi gani na dereva ana kiti cha mtoto. Anataka jibu leo, kwa maandishi, lenye tarakimu. Ukimjibu "karibu sana, usijali", anaona unamficha kitu.

Na suala la bahari. Huku mashariki maji yanapokupwa yanakwenda mbali, mpaka karibu na mwamba, unabaki mchanga, majani na madimbwi. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa inakaribia mita nne. Sisi tumezaliwa nayo. Kina mama wa mwani kazi yao inasubiri hayo maji yatoke. Mgeni aliyeona picha moja kwenye simu, maji ya buluu yamefika mlangoni, anaamka asubuhi anakuta bahari haipo. Nimeshuhudia mtu mzima, Mfaransa, amevaa miwani ya kupigia mbizi, anakuja mapokezi anauliza ni lini tutairudisha.

Mtu wa mapokezi wa siku ile alimwambia, "No problem, later." Kwa lugha hakukosea. Yule Mfaransa akasubiri baada ya chai, akasubiri saa tano, akapandwa na hasira. Akaandika kwenye mtandao kuwa hoteli inadanganya. Tangu hapo niliweka jedwali la kupwa na kujaa pale mezani, na kila anayekaa mapokezi lazima aweze kulieleza: yanajaa mara mbili kwa siku, kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, wiki ya bamvua yanakwenda mbali zaidi, wiki ya maji mafu yanatulia, leo utaogelea saa fulani mpaka saa fulani, na maji yakitoka tunaweza kukupeleka kwenye mwamba kwa miguu na mtu anayezijua njia, vaa viatu kwa sababu ya urumbu, wale wa baharini wenye miiba. Kiingereza cha maelezo hayo ni chepesi. Kigumu kilikuwa kumfanya kijana wa mjini akae na mvuvi ayajue mwenyewe kwanza. Kijana wa Kiwengwa anajua bahari lakini hana Kiingereza. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi ana Kiingereza lakini bahari anaijua kama mgeni anavyoijua. Nikawakalisha pamoja. Wale waliokuwa wananung'unikiana wakawa wanahitajiana, angalau kwa muda wa shifti.

Sijawahi kuogopa kazini kama siku ya korosho. Familia moja ilifika na mtoto wa kike, umri wa kuanza skuli. Baba alimwambia mhudumu kwa Kiingereza kizuri tu kwamba mtoto hali karanga wala korosho. Mhudumu akatabasamu, akasema yes, yes, no problem, akaenda. Alikuwa ameelewa maneno. Hakuwa ameelewa uzito wake. Kwa kijijini kwetu mtoto kusema hali kitu ni deko, anabembelezwa au anaachwa. Jioni ile kulikuwa na kuku wa mchuzi mzito, na shefu wetu huukoleza kwa korosho za kusaga, hazionekani. Sahani ilikuwa tayari mkononi. Aliyeizuia ni mama mmoja mpishi, hana Kiingereza hata cha kuombea maji, ambaye mchana alimwona mama wa yule mtoto akifungua mkoba na kuiweka juu ya meza sindano ya plastiki. Akauliza jikoni, "Ile sindano ni ya nini?" Hakuna aliyejua. Akasema basi mtoto yule asipelekewe kitu mpaka tujue. Nikaitwa, nikaenda mezani, nikaambiwa: akila korosho, dakika chache tu, koo linafunga, na sindano ile ndiyo dawa ya kumwahi.

Nimelisimulia hili kwa kila anayeajiriwa. Siku ile ile tulibadilisha utaratibu: mgeni akitaja kitu asichokula, mhudumu hasemi yes. Anarudia alichosikia kwa maneno yake, anauliza kama ni ugonjwa au ni kutopenda, anaandika kwenye oda kwa wino mwekundu, na shefu anatia saini. Wageni hawakasiriki kuulizwa mara mbili. Wanashukuru. Na wanaohitaji haya sasa ni wengi: wasiokula ngano, wasiokula chochote cha mnyama hata asali, wenye kisukari, wanaouliza kama mafuta yaliyokaangiwa viazi ndiyo yaliyokaangiwa kamba. Miaka ya mwanzo mgeni kama huyo alikuwa nadra, na mwakilishi alikuwa amekwisha kumwombea kwa shefu.

Hiyo yes yetu ina mizizi. Sisi tumelelewa kutomvunja mgeni moyo usoni pake. Mtu akikuuliza njia usiyoijua, utaona haya kusema sijui, utamwelekeza hata hivyo. Ukiombwa jambo usiloliweza utasema inshallah, na mwenzako anajua ni hapana yenye adabu. Mgeni wa Ujerumani hajui. Kwake umeahidi. Kwa hiyo mafunzo yangu mengi hayahusu msamiati. Nawafundisha kukataa. Tunasimama nyuma ya jiko kabla ya chakula cha mchana, mmoja anakuwa mgeni, anataka chumba cha ghorofani na hakipo. Mwingine anatakiwa aseme hakipo, aseme kwa nini, aseme anachoweza kufanya na saa ngapi atatoa jibu, halafu anyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda. Wanaongeza "lakini tutajaribu", na hapo wameshaharibu.

Vitabu vya Kiingereza cha hoteli tulivyokuwa tukigawiwa havina haya. Vina mgeni anayeomba ufunguo, mgeni anayeuliza benki iko wapi, mgeni asiyekasirika. Mimi nachukua malalamiko ya kweli ya wiki iliyopita, nayachapisha bila jina, tunayasoma kwenye brifingi. Huyu anataka nini hasa? Anataka pesa, anataka kuombwa radhi, au anataka tu mtu akubali kuwa kelele za disko zilikuwepo? Vijana wanapenda zoezi hili kwa sababu wanawatambua wageni wao. Mtu wa hauskipingi anasoma maneno ya chumba alichokifagia yeye. Wiki nzima Kiingereza kipya kinachoingia hakizidi sentensi chache, ila hizo zinakaa, kwa kuwa zimekuja na sura ya mtu.

Nilisema nitafika kwenye haki ya manung'uniko. Tazama hoteli yoyote huku, lugha ndiyo imepanga nani anasimama wapi. Mapokezi na ofisini ni watu wa bara na Wakenya. Mgahawani wamechanganyika. Bustanini, ulinzini na kwenye mashuka ndiko waliko watu wa kijiji chenye ufukwe wenyewe. Sababu zipo nyingi, skuli zetu, wazazi wasiotaka binti yao afanye kazi palipo na pombe, lakini hoteli nazo zimeridhika. Wamiliki wanalalamika kuwa wenyeji hawajui lugha, na ukiwaambia walipie masomo wanasema akishajua ataondoka. Ni kweli wengine wataondoka. Niliondoka mimi pia. Hoteli nilikokwenda ilinufaika na Kitaliano nilichokipata kwenye sinki la mwingine, na ile ya kwanza ikawapata waliotoka kwengine. Huu mzunguko unawalipa wote, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuutia pesa.

Kichekesho kikubwa ni getini. Mtu wa kwanza mgeni kumkuta ni mlinzi, na wa mwisho pia ni mlinzi, saa tisa ya usiku gari la uwanja wa ndege limechelewa. Huyo ndiye asiyepelekwa kozi yoyote. Kwetu mlinzi wa usiku ni mzee wa Pwani Mchangani, alikuwa nahodha wa jahazi, anajua maneno machache ya lugha nyingi na anayatumia kwa nafasi. Mgeni akitoka usiku anataka kutembea ufukweni, mzee anamwonyesha mwezi, anamwonyesha maji yalipo, anamwonyesha saa kwenye mkono: rudi kabla ya hapa. Wanamwelewa. Nilipomtaka aje kwenye brifingi ya asubuhi aliniambia, "Mwanangu, mimi asubuhi nalala. Nyie mkitaka kunisomesha njooni usiku." Ana haki, na tulikwenda, kwa zamu.

Wageni wa siku hizi wana jambo jingine ambalo wale wa mwanzo hawakuwa nalo sana: wanataka kutuona sisi. Zamani hoteli ilikuwa Italia ndogo yenye minazi. Mgeni anakula tambi, anacheza michezo ya vijana wa animesheni, wale wa kuburudisha wageni, anaondoka hajui samli ni nini. Sasa anauliza watu wa hapa wanakula nini asubuhi, anataka kufundishwa kukuna nazi, anataka kumwona fundi wa ngalawa. Anafika ameshajifunza Kiswahili kidogo kwenye simu na anataka ajibiwe kwa Kiswahili, polepole, bila kuchekwa. Wahudumu wengi wanamrudisha kwenye Kiingereza, wakidhani wanamheshimu. Nimewakataza. Akianza kwa Kiswahili, mjibu kwa Kiswahili, msubiri atafute neno. Yule mama mpishi wa korosho ndiye sasa anayeendesha masomo ya kupika kila Jumatano. Maelezo yote anayatoa kwa Kiswahili, msichana mmoja wa mapokezi anatafsiri panapohitajika tu, na hakuna siku viti vimebaki.

Upo upande wa mtandao nisioupenda. Hoteli zikaanza kutoa zawadi kwa mfanyakazi atakayetajwa jina kwenye maoni ya wageni. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake, mgeni hajamaliza kahawa, kijana ameshamwekea simu mbele: andika jina langu, ni hivi linavyoandikwa. Bakhshishi ya zamani ilikuwa na staha kuliko hii, mgeni alitoa akipenda. Nilimsikia mama wa Kiingereza akimwambia mumewe kuwa anaogopa kukaa baa kwa sababu atadaiwa nyota tano. Kwetu tumeifuta zawadi ile na kuigawa kwa idara nzima, na waliokuwa wakitajwa sana hawajanisamehe.

Ninachokidai mimi ni posho ya lugha. Fundi wa umeme akiwa na cheti analipwa kwa cheti chake. Msichana anayemtuliza Mpolandi kwa Kipolandi, halafu anamwandikia Mjerumani kwa Kiingereza, halafu anaeleza bamvua kwa Kifaransa, analipwa sawa na asiyeweza hata moja katika hayo. Nimependekeza apimwe mtu kwa kazi, asipimwe kwa mtihani wa darasani: pokea malalamiko haya kwa simu, jibu barua hii, mweleze mgeni huyu kwa nini hawezi kuingia kijijini na nguo ya kuogelea. Akifaulu, aongezwe, awe wa mapokezi au wa getini. Mhasibu anataka kujua nitapima vipi Kiswahili cha yule mama wa Jumatano, kwa kuwa kwenye fomu yake Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha zinazolipiwa. Nimemwambia aje Jumatano ahesabu waliolipa.